Mtandao ukigoma, lawama humwangukia mkuu wa Tehama

Aprili 2023 mamlaka inayosimamia uimara wa benki nchini Uingereza, PRA, ilimtoza faini ya pauni 81,620 Carlos Abarca, aliyekuwa mkuu wa teknolojia ya habari wa Benki ya TSB. Faini hiyo ilikuwa yake binafsi, mbali na ile iliyotozwa benki. Hakuiba wala hakutuhumiwa kuiba. Kosa lake, kwa mujibu wa mamlaka hiyo, lilikuwa kutochukua hatua za kutosha kuhakikisha kwamba kampuni iliyopewa kazi ya kujenga na kuendesha mfumo mpya wa kompyuta wa benki iliiweza kweli kazi hiyo.

Habari ya namna hii inaweza kuonekana ya mbali kwa mfanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa au mkulima wa korosho wa Newala. Si ya mbali. Kuanzia msimu wa 2024/25 korosho za Tanzania zilianza kunadiwa kwa njia ya mtandao kupitia Soko la Bidhaa, TMX. Mbolea ya ruzuku, tangu msimu wa 2022/23, humfikia mkulima aliyeandikishwa kwenye mfumo wa kidijitali na kupewa namba yake. Mnada wa chai wa Mombasa nao umeacha kelele za ukumbini na kuhamia kwenye kompyuta. Na pesa za simu, ambazo M-Pesa ya Kenya ilizifungulia njia mwaka 2007, sasa zinabeba malipo ya maziwa, mboga na hata nauli ya bodaboda.

Nyuma ya kila huduma ya aina hiyo yupo mtu mmoja mwenye dhamana ya mitambo. Siku mambo yakienda vizuri hakuna anayemjua jina. Siku wakala anaposema "mtandao hakuna", na foleni imefika barabarani, ndipo wote wanamtafuta. Marekani kifupi cha cheo chao, CIO, kimefanyiwa utani kwa miaka mingi kwamba maana yake ni "kazi imekwisha". Utani huo una chembe ya ukweli, kwani mara nyingi tukio kubwa likitokea mkuu huyo ni miongoni mwa wa kwanza kuondoka.

Lakini lawama hizo hufunika jambo moja. Ukichunguza matukio makubwa ya miaka ya karibuni, utakuta mara nyingi kompyuta ndiyo iliyoanguka, lakini uamuzi ulioiangusha ulihusu tarehe, fedha, au nani apewe kazi. Uamuzi wa aina hiyo mkuu wa Tehama haufanyi peke yake, na pengine hashirikishwi kabisa. Anachobaki nacho ni wajibu wa kusema "bado", na kusema hivyo mbele ya watu wanaomlipa mshahara.

Mpangaji aliyehamishwa kwa tarehe

Kisa cha TSB kinalionyesha jambo hilo kuliko kingine. Benki hiyo ilitokana na Lloyds, ambayo iliokolewa kwa fedha za serikali katika msukosuko wa fedha wa mwaka 2008. Sharti mojawapo la Umoja wa Ulaya kwa msaada huo lilikuwa kwamba Lloyds iachane na sehemu ya matawi yake. Matawi hayo ndiyo yaliyopewa jina la TSB mwaka 2013. Yakawa na bango lao, wafanyakazi wao na wateja wao, lakini akaunti zilibaki ndani ya kompyuta za Lloyds. TSB ikawa mpangaji katika nyumba ya mshindani wake, na kodi aliyoilipa ilikuwa kubwa.

Mwaka 2015 benki ya Sabadell ya Hispania iliinunua TSB kwa pauni bilioni 1.7. Mpango ulikuwa wazi tangu mwanzo: wateja wahamishiwe kwenye mfumo wa Sabadell, na kodi ya Lloyds ikome. Kazi ya kujenga mfumo huo kwa ajili ya Uingereza ilipewa SABIS, kampuni ya teknolojia ya Sabadell yenyewe. Tarehe ya kuhama ikapangwa kuwa Novemba 2017. Ilipoonekana haitawezekana, Septemba 2017 benki ikatangaza kwamba itahama miezi ya mwanzo ya 2018.

Hapo ndipo penye shina la tatizo. Kampuni ya mawakili ya Slaughter and May, ambayo bodi ya TSB iliiajiri kuchunguza, ilitoa ripoti yake Novemba 2019. Ilieleza kwamba bodi haikuuliza vya kutosha kwa nini iaminike kuwa kazi iliyochelewa kiasi kile ingeweza kumalizika katika miezi michache iliyoongezwa. Bodi pia haikupima vizuri hatari ya kuwahamisha karibu wateja wote kwa mkupuo mmoja, badala ya kuwahamisha kidogo kidogo huku wakitazama kinachoharibika.

Kuhama kulifanyika mwisho wa wiki ya Aprili 20 hadi 22, mwaka 2018. Wateja walikuwa milioni 5.2. Kumbukumbu zao zenyewe zilihama salama, jambo ambalo halisemwi mara nyingi. Kilichokwama ni mfumo mpya mara ulipofunguliwa kwa umma. Hadi wateja milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao. Wengine walifungua simu wakaona akaunti za watu wasiowajua. Wenye biashara ndogo walishindwa kulipa mishahara, na waliopiga simu benki walisubiri kwa saa nyingi. Ilichukua hadi Desemba mwaka huo mambo kurudi katika hali ya kawaida.

Moja ya sababu ilikuwa ndogo kiasi cha kustaajabisha. Mfumo ulitegemea vituo viwili vya kompyuta vifanye kazi pamoja, lakini majaribio ya kupima kama ungehimili wingi wa wateja yalifanywa katika kituo kimoja tu. Ni kama mkulima aliyenunua pampu mbili za kumwagilia, akawasha moja dukani, ikavuta maji, akalipia zote na kwenda zake.

Tukio hilo liliigharimu TSB pauni milioni 330.2 kwa mwaka 2018, na wateja wapatao 80,000 walihamia benki nyingine. Mkurugenzi mtendaji, Paul Pester, aliondoka Septemba 2018. Desemba 2022 mamlaka mbili za Uingereza ziliitoza benki faini ya jumla ya pauni milioni 48.65, ukiacha pauni milioni 32.7 ilizokwisha lipa wateja kama fidia. Sabadell nayo, mwaka 2025, ilikubali kuiuza TSB kwa Santander.

Sasa mtu ajiulize Abarca alikuwa katika nafasi gani. Mkandarasi wake mkuu alikuwa kampuni ya tajiri wake. Ili kuidai SABIS ushahidi kwamba iko tayari, ilimbidi awaambie wenye benki kwamba nyumba yao wenyewe ina nyufa. Kila mwezi wa kuchelewa ulimaanisha kuendelea kuilipa Lloyds. Ni wachache wanaoweza kumdai mwajiri wao risiti namna hiyo na wakalala usingizi.

Hata hivyo, si sahihi kusema alionewa. Mamlaka ilieleza kwamba SABIS ilitegemea kampuni nyingine 85 kutimiza kazi hiyo, na haikuwa na uzoefu wa kusimamia wakandarasi wengi wa Uingereza kwa kiwango hicho. Yaani aliyeahidi siye aliyekuwa akifanya kazi yote. Tarehe iliposogezwa, Abarca alikuwa na nafasi ya kupima upya uwezo wa SABIS na hakufanya hivyo ipasavyo. Kabla ya kuhama alipokea uthibitisho wa maandishi kutoka SABIS kuhusu utayari, na katika mambo ya msingi maandishi hayo yalikuwa ya matarajio kuliko ushahidi. Aliyapokea, na bodi nayo ikaridhika.

Kigezo cha bonasi

Wengine hudhani dawa ni fedha. Kwamba bodi ikimpa mkuu wa Tehama bajeti anayoiomba, mambo yatakaa sawa. Yaliyoikuta Maersk ya Denmark, ambayo makontena yake huonekana kila siku bandarini Mombasa na Dar es Salaam, yanatia shaka wazo hilo.

Juni 27, 2017 kirusi cha kompyuta kilichopewa jina la NotPetya kilianzia Ukraine kupitia programu ya uhasibu inayotumiwa na kampuni nyingi za huko. Kwa saa chache kiliifikia mitambo ya Maersk dunia nzima. Malori yalipanga foleni kwenye mageti ya bandari kwa sababu hakuna aliyejua kontena gani lina nini na linakwenda wapi. Mwenyekiti wa bodi wakati huo, Jim Hagemann Snabe, alisema huko Davos Januari 2018 kwamba kampuni ililazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa muda wa siku kumi. Hasara ilikadiriwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Uchunguzi uliochapishwa na jarida la Wired la Marekani mwaka 2018 ulieleza kwamba udhaifu huo ulijulikana. Mwaka mmoja kabla, baadhi ya wataalamu wa Maersk walitaka ulinzi wa mitambo uimarishwe, na mpango wao ukakubaliwa hata ukatengewa fedha. Lakini utekelezaji wake haukuwekwa katika vigezo vya kupima kazi ya wakuu wa juu wa teknolojia, vile vinavyoamua nani apate bonasi. Mpango ukabaki kwenye makaratasi.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mkuu wa Tehama anayefungua huduma mpya hupigiwa makofi na picha yake hutoka gazetini. Anayetumia mwaka mzima kuziba matundu hana cha kuonyesha mwishoni, kwa kuwa kazi nzuri ya ulinzi matokeo yake ni kwamba hakuna kilichotokea. Meneja wa masoko anaweza kuonyesha mauzo. Huyu ataonyesha nini? Bodi ikimpima kwa huduma mpya tu, atafungua huduma mpya, na paa litaendelea kuvuja.

Kilichoiokoa Maersk, kwa sehemu, kilitoka Afrika. Seva zinazotunza orodha ya watumiaji wa mtandao wa kampuni na ruhusa zao zilikuwa karibu 150 duniani, kila moja ikitegemewa kuwa akiba ya nyingine. Hakuna aliyefikiri zote zingeweza kufa siku moja. Zilikufa zote isipokuwa ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko na seva haikuwa kwenye mtandao kirusi kilipopita. Njia ya mawasiliano ya Ghana ilikuwa nyembamba mno kutuma kumbukumbu hizo hadi Uingereza. Zikabebwa kwa ndege, na kwa kuwa waliokuwapo Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza, mzigo ulikabidhiwa kwa mwenzao katika uwanja wa ndege nchini Nigeria, naye akaendelea nao hadi London. Mgawo wa umeme, unaolaaniwa na kila mwenye mashine ya kusaga, ulifanya kazi ambayo mpango wa akiba wa kampuni kubwa haukuifanya.

Anaripoti kwa nani?

Suala jingine ni kiti mezani. Katika kampuni ya Equifax ya Marekani, ambayo hutunza kumbukumbu za mikopo ya watu, wezi waliingia kwenye mitambo mwaka 2017 na kuchukua taarifa za watu wapatao milioni 147. Tundu walilopitia lilitangazwa hadharani mwezi Machi, na dawa yake ikatolewa. Haikuwekwa mahali palipohitajika. Kifaa cha kuchunguza mawasiliano yanayotoka nje kilikuwa kimefumbwa macho kwa miezi 19 kwa sababu cheti chake cha kidijitali kilipita muda bila kuhuishwa.

Ripoti ya kamati ya Bunge la Marekani ya Desemba 2018 ilitazama pia mpangilio wa madaraka. Mkuu wa usalama wa mitambo hakuwa chini ya mkuu wa teknolojia ya habari, bali chini ya mkuu wa masuala ya sheria, na chanzo cha mpangilio huo kilikuwa kutoelewana kwa watu waliokwisha kuondoka miaka mingi nyuma. Ugomvi wa wazee ukarithiwa na ofisi. Mmoja alijua hatari, mwingine alishika funguo, na kati yao hapakuwa na njia iliyonyooka. Septemba 2017 wakuu hao wawili, wa teknolojia na wa usalama, walistaafu siku moja. Mkurugenzi mtendaji aliwafuata siku chache baadaye, na alipohojiwa na wabunge Oktoba alitaja kosa la mfanyakazi mmoja ambaye hakufikisha ujumbe. Kampuni ya ukubwa ule kuning'inia kwenye ujumbe wa mtu mmoja ni kasoro ya uongozi, na wabunge wengi waliliona hivyo.

Katika maduka ya Target, pia ya Marekani, wezi waliiba taarifa za kadi milioni 40 mwishoni mwa 2013, wakiwa wamepitia kwa mkandarasi aliyehudumia mitambo ya majokofu na hewa. Mkuu wa teknolojia, Beth Jacob, alijiuzulu Machi 2014. Jacob hakukulia kwenye kompyuta. Alianza mwaka 1984 kama msaidizi wa mnunuzi wa bidhaa. Inafaa kulikumbuka hilo kila inaposemwa kwamba wataalamu wa kompyuta wanashindwa uongozi kwa sababu hawajui biashara. Yeye aliijua biashara. Ila baada ya yeye kuondoka ndipo kampuni ilipounda nafasi ya mkuu wa usalama wa mitambo, ambayo haikuwapo. Kilichokosekana kilikuwa nafasi kwenye muundo wa kampuni, na hakuna cheti cha shule kinachojaza nafasi hiyo.

Uingereza ilijaribu kutibu tatizo hilo kwa sheria. Tangu Machi 2016 wakuu wa benki huandikiwa majukumu yao kwa majina, na mambo yakiharibika mtu huulizwa yeye binafsi alichukua hatua gani. Ndiyo sheria iliyomfikia Abarca. Kwa upande mmoja inampa mkuu wa Tehama nguvu: anaweza kuiambia bodi kwamba hatasaini bila ushahidi, kwa kuwa sahihi ni yake na faini ni yake. Kwa upande mwingine woga huzaa ufichaji. Joe Sullivan, aliyekuwa mkuu wa usalama wa Uber, alitiwa hatiani nchini Marekani Oktoba 2022 kwa kuficha wizi wa taarifa uliotokea 2016, na mwaka 2023 akapewa kifungo cha nje cha miaka mitatu. Mtu anayeamini kwamba habari mbaya itamfukuzisha kazi hushawishika kuichelewesha, na siku moja ya kuchelewa huwa wiki.

Ya nyumbani

Afrika Mashariki nayo imeyaonja haya. Hadi mwaka 2015 seva za M-Pesa ya Kenya zilikuwa Ujerumani. Kuzihamishia Kenya kulikuwa kazi ya aina ileile iliyoiangusha TSB. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikayumba katika nchi nyingi za ukanda huu, Tanzania ikiwamo. Hakuna mkuu wa Tehama anayeweza kuzuia waya usikatike baharini. Anaweza tu kuulizwa kama alikuwa na njia nyingine, naye anaweza kujibu kwamba aliiomba akanyimwa fedha. Jibu hilo linapaswa kuwa limeandikwa mahali.

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, mahali pa karibu pa kuliona jambo hili ni chama chake. SACCOS na vyama vya mazao vinaacha madaftari na kuingia kwenye programu za kompyuta. Mara nyingi kazi hiyo hukabidhiwa kijana mmoja anayeitwa "mtu wa kompyuta", ambaye mshahara wake hauzidi wa karani, hahudhurii vikao vya bodi, na hupata habari za mfumo mpya baada ya mzabuni kukwisha chaguliwa. Siku hesabu zikikataa, ni yeye atakayeitwa mbele ya wanachama.

Mwanachama hahitaji kujua kompyuta ili kuuliza la maana kwenye mkutano mkuu. Anaweza kuuliza tarehe ya kuhama iliwekwa na nani, na kama yule kijana alipewa nafasi ya kuikataa. Anaweza kutaka kuona, si kusikia, kwamba nakala ya akiba imewahi kurudishwa na ikasomeka. Anaweza kuuliza kama mzabuni atafanya kazi mwenyewe au ataigawa kwa wengine, na hao wengine ni akina nani. Kama bodi ina ndugu au rafiki katika kampuni hiyo, basi kisa cha SABIS kipo mlangoni, na yule kijana atahitaji mtu wa kumkingia kifua atakaposema kazi haijaiva.

Daftari la zamani nalo lisitupwe mapema. Chama kinachohama kiandike huku na huku kwa mwezi mmoja au miwili, kianze na wanachama hamsini kabla ya elfu mbili, na kilinganishe salio kila jioni. Tarehe yenyewe isiangukie wiki ya malipo ya pili ya korosho au ya kahawa, wakati kila mwanachama anahitaji fedha yake siku hiyohiyo na hakuna nafasi ya kurudi nyuma.